Nusu Sahani ya Shangazi

Miaka ile ya tisini, mtaani kwetu Kasulu, unene ulikuwa kitu cha kupongezwa. Mtu akirudi safari, watu walimshika mkono, wakaubonyeza kidogo juu ya kiwiko, wakasema, "Naona ulikokuwa kunalika." Shangazi yangu hakuhitaji kusafiri ndipo apongezwe. Alikuwa amevuka miaka sitini, akiuza mawese na maharage sokoni, na alipokaa kwenye benchi lake hapakubaki nafasi ya mtu wa pili. Kwake hilo lilikuwa kama cheti. "Sijalala njaa tangu nianze kujitegemea," alisema, "na yeyote mwenye macho anaweza kuthibitisha."

Tatizo ni kwamba macho yake mwenyewe yalikuwa yanamwacha. Alianza kwa kulaumu chemli, kisha moshi wa jikoni, kisha vijana wa siku hizi ambao, alidai, nyuso zao hazina mpangilio. Siku aliyompa mkono wa pole msichana aliyekuja kumwalika harusini, akidhani ni yule aliyefiwa na mama yake, nikampeleka hospitali.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam na kurudi nyumbani kusubiri ajira, nikiwa na shahada moja na maswali mengi. Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu, baada ya baba yetu kufariki. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yake, ila siku hizo alikuwa ameanza kuniita "msomi" kwa sauti ileile aliyotumia kufukuza nzi.

Daktari alimulika macho yake kwa tochi, akampima presha, akamwomba mkojo. Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja. Waliweka matone ya mkojo kwenye dawa ya bluu, wakaichemsha juu ya moto wa spiriti. Kipimo hicho nilikifahamu tangu sekondari. Bluu ikibaki bluu, sukari hakuna; ikigeuka kijani, ipo kidogo; ikipita manjano na rangi ya machungwa, ipo nyingi. Ya Shangazi ilipita vituo vyote bila kusimama, ikawa nyekundu kama tofali la kuchoma.

"Yebaba we," alisema nilipomweleza. "Yaani humu ndani mwangu wanajenga nyumba?"

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na kwamba hilo linatibika. Kiangazi daktari wa macho angekuja Kasulu kwa siku chache, kama alivyofanya miaka iliyopita, na kupasua wale walio tayari. "Lakini kwa sukari hii na presha hii hatakugusa, mama. Kidonda hakitapona. Usipokuwa tayari akija, utasubiri mpaka arudi tena, na sijui atarudi lini."

"Si kuna vidonge?"

"Nitakupa, vikiwepo. Ila dawa kubwa ni kupungua mwili. Hata ukipungua kidogo tu, sukari inashuka, presha inashuka, na hayo magoti yatakushukuru."

"Nipungue kwa njia gani?"

"Kula nusu ya unachokula."

Shangazi alicheka sana, akamgusa daktari begani, akidhani wametaniana. Mimi nikaingia kati. Niliuliza mtu wa umri wake atapata wapi nguvu. Niliuliza hao waliopungua wakapona walipimwa wapi, walikuwa wazee au vijana, na kama kuna hata mmoja aliyekuwa anakula ugali wa muhogo. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mtoto wa kaka yake."

"Basi mpikie."

Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa tumbo la Shangazi. Yeye alikuwa na lengo moja tu. Kaka yangu alikuwa amepata mchumba huko Kitahana, Kibondo, na posa ikikubaliwa, mkwe angekuja kuishi nyumbani kwetu. "Nimezika mume, nimemzika baba yenu," aliniambia tukitoka hospitali, akijiegemeza kwangu. "Mkamwana wa kwanza wa nyumba hii siwezi kumpokea kama kivuli. Nataka nimuone meno, nimuone visigino. Pika hiyo nusu yako."

Kusema ni rahisi. Chakula chetu hakikuwa na mstari unaoonyesha nusu iko wapi. Ugali uliletwa kama kilima, kila mtu akachimba upande wake. Kisamvu kiliogelea kwenye mawese, kwa sababu muuza mawese hawezi kupika kikavu. Wateja wangesema hata yeye haiamini bidhaa yake. Nilimtengea Shangazi sahani yake peke yake, akaitazama kama mtu aliyetengwa na kanisa.

"Nimekukosea nini?"

"Ni ili tujue unakula kiasi gani."

"Mimi najua. Nakula mpaka nishibe."

Wakati huo nilikuwa nimepata kibarua kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kusimamia foleni siku za mgawo wa chakula. Unga, maharage na mafuta vilipimwa kwa makopo, kila familia kwa idadi ya watu wake, na nikaanza kuona chakula kwa jicho jipya. Wakubwa wa mgawo walizungumza juu ya nguvu zilizomo ndani ya kopo kama watu wanaozungumza juu ya mafuta ya gari. Siku moja nilimfuata muuguzi mmoja Mrundi aliyekuwa anahudumia watoto waliodhoofika. Nilimwuliza mtu mnene wa makamo ya shangazi yangu apunguziweje chakula bila kudhurika.

Alinitazama, kisha akatazama foleni nyuma yangu.

"Dada, huku tunatafuta namna ya kuongeza. Weye unaleta habari ya kupunguza?"

Niliona aibu, na nadhani nilistahili kuiona. Lakini alikuwa mtu mwema, na swali lilimchekesha kabla halijamuudhi. Alinikalisha kwenye gunia. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi na Kifaransa ndani yake. "Mwili iko na akili yake," alisema. "Ukiinyima, siku za kwanza inatoa akiba. Baadaye inashituka, inafanya ekonomi. Inazima taa vyumba vingine. Mutu anasikia baridi, anachoka, anakasirika, na kupungua kunasimama. Na muzee ukimunyima kwa nguvu, anakula misuli yake mwenyewe. Atapungua, ndiyo, lakini hatasimama. Umupe maharage. Mafuta ndiyo ukate. Na abebe kitu, atembee."

Niliuliza kwa nini, niliuliza alijuaje, niliuliza kama ni hivyo kwa kila mtu. "Hapana kwa kila mutu," alisema, akiinuka. "Ndiyo sababu unapima."

Niliondoka na kopo moja lililotobolewa, ambalo halikufaa tena kwa kazi, nikaliziba kwa lami na kulifanya kipimo cha unga wa Shangazi. Wiki hiyohiyo mtaa mzima ulijua kwamba mama wa mawese analishwa mgawo wa wakimbizi. Mwenye duka mkabala na nyumba yetu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na ambaye hakuwahi kuacha jambo la jirani lipite bila kulitia chumvi, alimwita kutoka barazani.

"Mama! Nasikia umejiandikisha kambini?"

"Nimejiandikisha, na nimekuandikisha na wewe. Tumbo hilo ni la familia ya watu sita."

"Mimi nafunga Ramadhani kila mwaka, mama."

"Na kila mwaka ukimaliza unashona kanzu mpya. Ile ya zamani huwa inakwenda wapi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini wengine hawakutania. Shangazi alipungua haraka wiki za mwanzo. Kitenge kilichokuwa kikimzunguka mara moja sasa kilimzunguka na kubaki. Siku hizo mtu akikonda, watu hawakuuliza anakula nini. Walishusha sauti. Mteja wake wa miaka mingi alianza kununua mawese kwingine, na mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni kuniuliza kama Shangazi "ameshaandaliwa kiroho". Wengine walisema mimi ndiye ninayemnyima, kwa sababu naitaka nyumba. Shangazi aliyasikia yote. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Zamani walisema nakula peke yangu," alisema, "sasa wanasema siruhusiwi kula. Watu hawa wanafaidi chakula changu kuliko mimi."

Hospitalini, ile dawa ya bluu ilianza kurudi nyuma, kutoka tofali hadi machungwa, kutoka machungwa hadi manjano. Presha nayo ilishuka. Nilitamba. Ndipo rangi ikasimama. Wiki baada ya wiki ikawa manjano tu, kitenge hakikulegea zaidi, na Shangazi akaanza kuvaa sweta mchana. Alilalamika baridi, alilalamika choo, alilalamika kwamba nachanganya sukuma wiki na hasira zangu za kukosa kazi. Nikataka kupunguza kopo. Kisha nikamkumbuka yule muuguzi na vyumba vyake vilivyozimwa taa.

Badala ya kupunguza, nilimrudishia maharage, bakuli zima, nikaondoa mawese mpaka kisamvu kikabaki na rangi yake ya asili, na sukari ya chai nikaifungia kabatini. Halafu nikamwambia abebe. Kwa miaka mingi kidumu chake cha mawese kilibebwa na mtu wa mkokoteni. Sasa alijitwika mwenyewe kidumu kidogo, na mimi nikamshika mkono kwa sababu mashimo alikuwa hayaoni. Tulipanda polepole hadi kanisani kilimani, yeye akinisimanga njia nzima, tukateremka hadi sokoni. Mwanzoni alisimama kila penye kivuli. Baadaye mimi ndiye niliyeomba tusimame.

Sijui hasa ni kipi kilichofanya kazi. Huenda ni nusu sahani, huenda ni mawese, huenda ni kile kilima, huenda ni vidonge ambavyo mwezi ule vilikuwepo hospitali. Nilikuwa na mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anaonja nikipika. Ninachojua ni kwamba sweta lilivuliwa na dawa ikageuka kijani. Daktari aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Ikiwa hivi siku ile, tutamwonyesha daktari wa macho," alisema. "Ikirudi manjano, hapana."

Kisha habari mbili zilifika kwa pamoja. Daktari wa macho angekuwa Kasulu mwanzoni mwa wiki. Na wakwe wa Kitahana walitutaka Jumamosi ya kabla yake.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa hatari iliyokuwepo hapo, lakini nitaieleza. Ukitembelea nyumba yetu sisi Waha ukapewa chakula, mwenyeji anaonja kwanza mbele yako, kukuonyesha kwamba hakuna kitu kilichotiwa. Baada ya hapo huna pa kutokea. Ukiacha chakula, umesema kwa mkono kile ambacho hakuna anayethubutu kukisema kwa mdomo, kwamba nyumba hii ni ya wachawi. Siku ya posa ni zaidi. Shangazi wa bwana harusi ndiye mdomo wa ukoo. Sahani yake ikirudi na chakula, wanasoma jibu humo.

"Tuseme unaumwa," nilishauri.

"Waseme kaka yako anatoka kwenye ukoo wa wagonjwa? Na nilivyokonda hivi?"

"Tuseme umefunga. Kwa maombi."

"Kwenye posa? Naomba nini, ivunjike?"

"Basi kula. Mara moja tu."

Mara moja tu, kwenye meza ya posa, ilimaanisha ugali, nyama, kisamvu, ndizi na pombe ya ndizi tamu kama asali. Sukari yake haikuwa ya kusamehe siku mbili kabla ya kipimo. "Nikila, simuoni," alisema. "Nisipokula, hatumpati. Msomi, hili hawakufundisha?"

Tulipanda lori la mizigo hadi Kibondo, sisi wawili na mshenga wetu, kaka yangu akibaki nyumbani kama desturi inavyotaka. Kitahana walitupokea vizuri. Mshenga aliweka jembe jipya katikati ya chumba, ishara ya kwamba tumekuja kuomba, na mjomba wa binti akalivuta upande wao, ishara ya kwamba wanasikiliza. Chakula kikaja. Bibi wa binti, mama mpana kama Shangazi alivyokuwa zamani, alimega tonge, akalichovya, akala, akasukuma sahani kwetu.

Shangazi akala. Alimega vitonge vidogo, akatafuna kila kimoja kama anayekisomea mashtaka. Alikula nyama mbili na maharage. Alinyonya mrija wa pombe mara moja, akaurudisha. Kisha akafuta mikono, na nusu ya sahani ikabaki pale, ikiwa bado inatoa mvuke.

Nje mtu alikuwa anatwanga, akaacha kutwanga. Bibi aliitazama sahani. "Mkwe," alisema polepole, "mboga zetu zina chumvi? Au zina neno jingine?"

Kabla hatujajibu, mjomba wa binti alisimama, akalichukua lile jembe, akalirudisha miguuni pa mshenga wetu. Hakulitupa, alililaza kwa adabu, na adabu ile ilitisha kuliko kama angelitupa. Mshenga aligeuka rangi. Mimi nilikuwa na hoja nyingi kichwani, zote za kwenye vitabu, na hakuna hata moja ambayo ingeliinua jembe lile kutoka sakafuni.

Shangazi hakuliona jembe, lakini alisikia chuma kikigusa sakafu. "Ni nini hicho? Mmeturudishia?" Akajisogeza mbele ya kiti.

"Basi nisikilizeni, na mkimaliza mtufukuze. Mimi sioni. Hapa nilipo, bibi, wewe kwangu ni mgomba wenye kitambaa. Mmenitolea binti, amenisalimu, ana sauti nzuri, mkono una kazi, lakini sura yake sijaiona, na mimi ndiye nitakayekaa naye jikoni. Jumatatu daktari wa macho anakuja Kasulu. Sukari ikiwa juu hanigusi. Nikimaliza sahani hii nitakuwa nimewaheshimu ninyi, na binti yenu nitampokea nikiwa kipofu. Mnataka nimjue kwa tumbo au kwa macho?"

Kisha bibi wa binti akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mgomba wenye kitambaa!" alisema, akijifuta machozi kwa kanga. "Mimi huyu!" Akamgeukia yule mjomba. "Rudisha jembe hapa. Una haraka ya nini, kwani unakwenda kulima?"

Mjomba alilirudisha, lakini alikuwa mtu wa taratibu. "Sawa, mama. Ila sahani ya shangazi haiwezi kurudi jikoni hivyo. Watu wa nje watauliza."

"Si ana mtoto wa kaka yake hapo?" alisema bibi. "Damu moja. Ale yeye."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekwishamaliza sahani yangu, iliyokuwa kubwa. Nilikula nusu ya Shangazi. Walipoona naweza, waliongeza nyama. Mshenga alinitazama kwa macho ya kusema ukitapika tumekwisha. Wakati huo bibi alikuwa amesogeza kigoda chake karibu na Shangazi, amemshika goti, anamwuliza hiyo nusu inapimwa kwa chombo gani, maana na yeye magoti yake yamegoma tangu mwaka jana.

"Kwa kopo," alisema Shangazi. "Lakini tafuta mtu mkaidi wa kulishika. Mwenye huruma hafai."

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali kabla mlango wa maabara haujafunguliwa. Veranda ilijaa wazee walioshikwa mikono na watoto wao. Nilisimama karibu na moto wa spiriti kuliko nilivyoruhusiwa. Bluu ilichemka, ikatulia, ikaanza kugeuka. Nilijilaumu kwa ule mnyonyo mmoja wa pombe ya ndizi, kana kwamba niliunyonya mimi. Ikawa kijani. Ikabaki kijani, chepesi kama jani changa la mgomba. Mtu wa maabara alisubiri, akakitikisa kichupa, akasubiri tena, kisha akakipeleka kwa daktari bila kuniambia neno.

Jina lake liliitwa. Presha ilipimwa, ikakubaliwa. Walimwingiza chumba cha upasuaji kwa jicho la kulia, wakasema la kushoto litasubiri safari nyingine ya yule daktari. Nilibaki nje nikiuliza wauguzi maswali, mpaka mmoja akanipa ndoo nimsaidie kuteka maji, nadhani ili aninyamazishe.

Kesho yake walimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Mtu wa koti jeupe alifungua bandeji taratibu, akamsafisha, akamwambia afumbue jicho bila haraka. Shangazi alifumbua. Alifumba tena kwa ukali wa mwanga, machozi yakamtoka, akafumbua. Alitazama mkono wake, mbele na nyuma. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, akatazama mlima wa mikaratusi nje, akaguna. Kisha akamwinulia uso yule aliyesimama mbele yake na pamba mkononi, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu kijana ni nani?"

"Ndiye daktari wa macho, Shangazi. Ndiye aliyekupasua."

"Huyu? Hajaota hata ndevu!" Aligeuka, akanipata kwa jicho lile moja, safi na kali, jicho ambalo sikuwa nimetazamwa nalo kwa miaka. "Na ukanyamaza? Ningemuona jana, nisingekubali anishike."

Daktari alicheka, akainua vidole vyake juu, akamwuliza ni vingapi.